Skrini pana ya gemu na skrini ya pili ya kazi: zipi zinafaa kukaa meza moja

Mtu anayefanyia kazi nyumbani mchana na kucheza gemu usiku kwenye meza ileile kwa kawaida hununua kwa kufuata jicho. Huiona skrini kubwa iliyopinda, yenye rangi za kumeremeta, akailipia, kisha ndipo anapoanza kutafuta skrini yoyote ya kuweka pembeni kwa ajili ya barua pepe na majedwali ya hesabu. Ulinganisho huu unakwenda kinyume na utaratibu huo. Kwa maoni yangu, skrini ya pili, ile ndogo ya kazi, ndiyo inayopaswa kuamua ni skrini pana ipi inayokufaa, kwa sababu ndiyo itakayobeba maandishi, ndiyo utakayoikodolea macho kwa saa nyingi zaidi, na ndiyo itakayokuonyesha mapema kama meza yako inatosha.

Kimo kwanza, inchi baadaye

Inchi zinazoandikwa kwenye boksi ni za mshazari, kutoka pembe hadi pembe, na kwa skrini pana kipimo hicho hupotosha. Skrini ya inchi 34 yenye uwiano wa upana kwa kimo wa 21:9 ina kimo cha takriban sentimita 33 na nusu, ambacho ni sawa na kimo cha skrini ya kawaida ya inchi 27 yenye uwiano wa 16:9. Zinachotofautiana ni upana tu, sentimita 80 kwa 60. Inchi 49 yenye uwiano wa 32:9 nayo ina kimo kilekile, ila upana wake unakaribia sentimita 120, yaani ni skrini mbili za inchi 27 zilizounganishwa bila ukingo katikati. Anayetoka inchi 27 kwenda inchi 49 akitarajia picha iliyokua pande zote atashangaa kukuta haijapanda juu hata kidogo. Zinazopanda ni inchi 45 ya 21:9, ambayo kimo chake kinafika karibu sentimita 44, na inchi 57 ya 32:9, yenye sentimita 39 hivi.

Kipimo kinachofuata ni msongamano wa pikseli, yaani idadi ya nukta za picha katika kila inchi moja. Huu ndio unaoamua kama herufi zitasomeka kwa raha, na kama dirisha utakalolivuta kutoka skrini moja kwenda nyingine litabaki na ukubwa uleule. Inchi 34 yenye pikseli 3440 kwa 1440 ina nukta 110 hivi kwa inchi. Inchi 49 yenye 5120 kwa 1440 ina 109. Inchi 27 yenye 2560 kwa 1440 nayo ina 109. Hizi tatu ni ndugu wa tumbo moja, na yoyote kati ya hizo pana ikikaa kando ya hiyo inchi 27 hutaona dirisha likivimba wala kusinyaa. Inchi 27 ya 4K, yaani yenye pikseli 3840 kwa 2160, ina nukta 163, jambo linaloonekana kuvunja undugu huo, lakini ukiiamuru Windows ikuze maandishi kwa asilimia 150, basi 163 kugawanya kwa 1.5 inarudi karibu na 109: ukubwa kwa macho ni uleule, ila kila herufi imechorwa kwa nukta nyingi zaidi na kingo zake ni kali. Sijui mpangilio mwingine wa skrini mbili tofauti unaolingana kwa urahisi kiasi hiki, na ndio uliofanya nianze kuishauri inchi 27 ya 4K kwa karibu kila anayeniuliza.

Mfano wa kinyume chake ni LG 45GR95QE ya mwaka 2023. Ni skrini ya inchi 45 ya OLED, yaani ambayo kila pikseli hutoa mwanga wake yenyewe, ina kasi ya 240 Hz (picha 240 mpya kila sekunde) na mpindo mkali wa 800R, yaani wa duara lenye nusu kipenyo cha milimita 800, na ilipozinduliwa Marekani iliuzwa kwa dola 1,700 hivi. Lakini pikseli zake ni 3440 kwa 1440, zilezile za inchi 34, zilizotandazwa kwenye eneo kubwa zaidi, na hivyo msongamano wake ni nukta 84 tu kwa inchi. Hiyo ni chini hata ya skrini ya ofisini ya inchi 24 yenye pikseli 1920 kwa 1080. Kwa gemu iliyo mbali kidogo na uso si tatizo kubwa. Kwa jedwali lenye safu thelathini ni mateso, na dirisha linalotoka humo kwenda inchi 27 hubadilika ukubwa kwa karibu theluthi nzima. LG wenyewe walirekebisha hilo mwaka 2025 walipotoa 45GX950A yenye pikseli 5120 kwa 2160 na nukta 125 kwa inchi, na anayependa umbo la inchi 45 aitafute hiyo badala ya ile ya kwanza, hata kama ya kwanza imeshuka bei.

Inchi 34 au inchi 49

Hapa ndipo wengi wanapokwama, kwa hiyo nitakaa kidogo. Upande mmoja kuna inchi 34 za aina ya Alienware AW3423DWF, yenye paneli ya QD-OLED (aina mojawapo ya OLED), kasi ya 165 Hz na mpindo wa 1800R, yaani mpindo wa duara ambalo nusu kipenyo chake ni mita 1.8. Ilitoka mwaka 2022 kwa dola 1,099 Marekani, miezi michache baada ya pacha wake AW3423DW aliyeileta teknolojia hiyo kwenye skrini za kompyuta. Upande wa pili kuna Samsung Odyssey OLED G9 ya mwaka 2023: inchi 49, pikseli 5120 kwa 1440, kasi ya 240 Hz, mpindo uleule wa 1800R.

Hoja ya wanaoipenda inchi 49 ni kwamba inaondoa haja ya skrini ya pili, kwani kila nusu yake ni inchi 27 kamili. Ni hoja nzuri mpaka siku ya kwanza ya mkutano wa video. Ukiwaonyesha wenzako skrini yako yote, wao kwenye kompyuta zao ndogo wataona utepe mwembamba wenye herufi za kuwatoa machozi, na utalazimika kila mara kuchagua dirisha moja moja la kuwaonyesha. Halafu gemu ikijaza skrini nzima, hakuna mahali palipobaki pa kuona ujumbe wa kazini au kuangalia kama faili limemaliza kupakuliwa. Skrini ya pili inayojitegemea haina shida hizo mbili.

Kuna pia suala la gemu zenyewe. Uwiano wa 21:9 unakubaliwa na gemu nyingi za kompyuta za miaka ya karibuni, lakini uwiano wa 32:9 hukutana na vikwazo mara nyingi zaidi: picha za pembeni zinanyooshwa, au alama za afya na risasi zinapelekwa kwenye kingo za mbali ambako jicho halifiki bila kugeuza shingo. Zipo hata gemu kubwa zinazokataa zote mbili. Elden Ring kwenye kompyuta hubaki na 16:9 na kikomo cha fremu 60 kwa sekunde, ikiacha mistari myeusi pande zote. PlayStation 5 nayo hutoa picha ya 16:9 peke yake, kwa hiyo mwenye mashine hiyo na asiye na kompyuta ya gemu hana sababu ya kununua skrini pana ya aina yoyote. Inchi 49 inang'ara kwa waendeshaji wa magari ya mbio na marubani wa kuigiza, ambao vioo vya pembeni na mabawa ya ndege ni sehemu ya mchezo. Kwa mtu wa namna hiyo singebishana.

Mzigo kwa kadi ya grafiki nao uhesabiwe. Inchi 34 ina pikseli milioni 4.95, ambazo ni nyongeza ya theluthi moja hivi juu ya inchi 27 ya 2560 kwa 1440. Inchi 49 ina milioni 7.37, karibu sawa na 4K yenye milioni 8.29. Kadi inayoendesha gemu vizuri kwenye inchi 27 kwa kawaida itaimudu inchi 34 kwa kupunguza mapambo machache, wakati kwa inchi 49 bajeti ya kadi huanza kushindana na bajeti ya skrini.

Inchi 57 ya Samsung Odyssey Neo G9 naitaja kwa haraka tu. Ni 4K mbili zilizounganishwa, pikseli milioni 16.6, kilo 19 hivi pamoja na mguu wake, na bei ya kuanzia ya dola 2,500. Kadi za NVIDIA za mfululizo wa RTX 40 hazina DisplayPort 2.1, toleo jipya la tundu la kutolea picha, na huishia 120 Hz kwenye skrini hii, ilhali AMD RX 7000 na RTX 50 zinayo. Ni kifaa cha ajabu, na anayekihitaji anajijua.

Kwa nini OLED haifai kuachiwa kazi yote

OLED ina weusi wa kweli kwa sababu kila pikseli hujizima yenyewe, na mwendo wake ni safi kuliko paneli za IPS au VA, aina za kawaida zinazomulikwa na taa ya nyuma. Kwa kucheza usiku taa zikiwa zimezimwa, sioni mshindani. Mchana wa kazi ni habari nyingine, na sababu ni nne.

Ya kwanza inajulikana: kitu kinachokaa mahali pamoja kwa saa nyingi, kama ukanda wa chini wa Windows au vichwa vya safu za jedwali, huweza kuacha kivuli cha kudumu kwenye kioo. Ya pili haisemwi sana madukani. Katika paneli za QD-OLED vidoa vya nyekundu, kijani na bluu vimepangwa kwa umbo la pembetatu badala ya mstari ambao Windows huutegemea inapolainisha herufi, na matokeo yake ni kivuli chembamba cha rangi kwenye kingo za maandishi. Wapo wasioiona kabisa, na wapo wanaoiona kila dakika baada ya kuonyeshwa mara moja. Vizazi vipya vya paneli vimepunguza kasoro hii. Ya tatu ni mwanga: kioo cha QD-OLED hakina kichujio kinachomeza mwanga wa nje, kwa hiyo katika chumba chenye dirisha kubwa na jua la saa tisa alasiri weusi wake hugeuka kijivu chenye uzambarau, na sifa uliyoilipia inapotea hadi jioni.

Ya nne inatuhusu zaidi sisi tuliozoea kuzima kila kitu ukutani. Skrini za OLED hujisafisha zenyewe baada ya saa kadhaa za matumizi, wakati umeizima kwa kitufe chake lakini umeme bado unaingia. Kazi hiyo huchukua dakika chache na ndiyo kinga yake kubwa dhidi ya vivuli vya kudumu. Ukizima swichi ya ukutani mara tu unapoinuka, au umeme ukikatika kila jioni, usafi huo haukamiliki. Mwenye OLED aache soketi ikiwa imewashwa usiku, na kama umeme wa mtaa wake una mazoea ya kukatika na kurudi kwa kishindo, aweke UPS, betri inayoshikilia umeme ukikatika, kabla ya kufikiria mapambo mengine.

Anayeziogopa shida hizi zote ana njia ya kati: inchi 38 za IPS kama LG 38GN950 au Alienware AW3821DW, zenye pikseli 3840 kwa 1600, nukta 111 kwa inchi, kasi ya 144 Hz na mpindo mdogo wa 2300R. Ni za mwaka 2020 na 2021, kwa hiyo hupatikana zaidi zikiwa zimetumika. Weusi wake usiku ni kijivu ukilinganisha na OLED, lakini maandishi ni safi na hakuna cha kuungua. Kwa mtu anayefanya kazi kwa saa tisa kwa siku na kucheza gemu kwa saa moja tu, ningeichagua hii bila kusita.

Skrini ya pili

Kasi kubwa haihitajiki hapa. Paneli ya IPS ya 60 Hz inatosha kwa maandishi. Ukali wa herufi, mguu unaopanda, kushuka na kuzunguka, na namna inavyopokea kompyuta ya kazini ndivyo vya kulipia.

Chaguo langu la kwanza ni inchi 27 ya 4K ya aina ya Dell U2723QE. Paneli yake ya IPS Black ina uwiano wa mwanga na giza wa 2000 kwa 1, mara mbili ya IPS ya kawaida, na ina tundu la USB-C linalopeleka picha huku likichaji laptopu kwa wati 90. Ina pia tundu la kebo ya mtandao, na swichi ya KVM ndani yake inayowezesha kibodi moja na mausi moja kutumikia kompyuta mbili. Kwa mwenye laptopu ya mwajiri na kompyuta yake ya gemu mezani, hiyo swichi ina thamani kuliko inchi tano za ziada: asubuhi unachomeka waya mmoja, jioni unauchomoa, na hakuna kuinama chini ya meza kutafuta matundu.

Skrini hii ikizungushwa na kusimama wima ina kimo cha karibu sentimita 60 na upana wa 34, nafasi inayotosha kurasa mbili za A4 kwa ukubwa wake halisi, moja juu ya nyingine, na chembe ya nafasi ikabaki. Mwanasheria, mhariri, mfasiri au mwandishi wa programu hatataka kurudi kulaza skrini yake akishazoea hivyo. Mhasibu mwenye majedwali mapana ataiacha imelala.

LG DualUp, yenye inchi 27.6 na pikseli 2560 kwa 2880, ni ya umbo karibu la mraba na inapendeza kwa wanaopanga madirisha mawili juu na chini. Nukta zake 140 kwa inchi hazilingani vizuri na 110 za inchi 34 isipokuwa ukuze maandishi kwa asilimia 125, na kimo chake cha zaidi ya sentimita 52 huifunika kabisa jirani yake. Inchi 27 ya 2560 kwa 1440 ni chaguo la bei nafuu lisilo na aibu, hasa kwa sababu haihitaji kukuza chochote. Na ile inchi 24 ya zamani uliyonayo kabatini inafaa kwa muziki na ujumbe; kuisomea mikataba siku nzima kando ya skrini mpya kutakuchosha.

Meza, waya na laptopu

Kabla ya kuagiza, bandika magazeti ukutani nyuma ya meza kwa vipimo halisi. Inchi 34 na inchi 27 iliyolala vinadai sentimita 143 hivi zikinyooshwa, kwa hiyo meza ya sentimita 140 inakubali tu ikiwa moja imegeuzwa kidogo kukuelekea. Inchi 34 na inchi 27 iliyosimama zinaingia kwenye meza ya sentimita 120, na hiyo ndiyo sababu nyingine ya kuupenda mpangilio huo kwa vyumba vyetu. Inchi 49 pamoja na iliyosimama zinataka meza ya 160. Inchi 57 inataka 180 na mbao isiyoyumba. Kina cha meza kisipungue sentimita 70, kwani miguu ya skrini pana hutanuka mbele na kula nafasi ya kibodi, isipokuwa ukinunua mkono wa kufunga kwenye ukingo wa meza, ambao uzito unaouweza uwe umeandikwa na uzidi uzito wa skrini yako.

Skrini pana iunganishwe kwa DisplayPort kwenye kadi ya grafiki, na kwa kebo iliyokuja nayo. HDMI ya zamani ya 2.0 hubeba gigabiti 18 kwa sekunde tu, na wengi wanaolalamika kwamba skrini yao ya 165 Hz imekwama kwenye 100 au chini yake wamechomeka kebo iliyobaki kutoka kwa king'amuzi. Mwenye MacBook Air ya M1 au M2 ajue kwamba kompyuta hizo hutoa picha kwenye skrini moja tu ya nje. Ya M3 hukubali mbili kifuniko kikiwa kimefungwa, na ya M4 hukubali mbili hata kikiwa wazi. Katika mpangilio ninaoushauri hilo halisumbui, kwa kuwa laptopu huchomekwa kwenye skrini ya kazi pekee na skrini pana hubaki mali ya kompyuta ya gemu.

Wanaoagiza kutoka Dubai wana bahati kwamba plagi ya pini tatu za bapa ni ileile ya Kenya, Uganda na Tanzania, na volti zinalingana. Waranti ndiyo isiyosafiri kirahisi. Dell hutoa waranti ya miaka mitatu inayohusisha kuungua kwa kioo kwa skrini zake za Alienware za OLED, lakini masharti hutegemea nchi iliponunuliwa, na gharama ya kurudisha boksi kubwa hivyo ni yako. Muulize muuzaji hilo kwa maandishi kabla ya kulipa. Boksi likifika, lifungue mbele ya aliyelileta, washa skrini, weka picha nyeusi tupu, kisha nyeupe, nyekundu, kijani na bluu, uzime taa ya chumba na utazame kila pembe kwa dakika mbili kabla ya kutia saini.